Mzungu wa Kazi: Siku za Mmisionari Kijana katika Buganda

Wengi wetu tukisikia neno "mmisionari" twamfikiria mtu aliyevaa kanzu, ameshika kitabu mkononi, naye anahubiri tangu asubuhi mpaka jioni. Picha hiyo si uongo mtupu, lakini haitoshi. Mtu aliyeacha kwao akiwa kijana, akaenda kukaa katika nchi ya watu wengine, hana budi kula, kujenga nyumba, kuugua na kupona, kujifunza lugha, na kujua adabu za wenye nchi. Saa za kuhubiri huwa chache. Saa za kazi nyingine huwa nyingi.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi kijana mmoja alivyozitumia siku zake katika Buganda, yapata miaka mia moja na nusu iliyopita. Jina lake Alexander Mackay. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliandika barua nyingi, na dada yake alizikusanya katika kitabu mwaka wa 1890, hivyo twajua habari za siku zake kuliko za wamisionari wengi wa wakati ule. Pili, Waganda walimpa jina ambalo kila msomaji wa gazeti hili atalielewa bila kufasiriwa. Walimwita Mzungu wa Kazi.

Kijana mwenyewe

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, huko Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwana alisomea ualimu, kisha uhandisi, katika mji wa Edinburgh. Mwaka wa 1873 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin ya kuchora ramani za mitambo. Alikuwa na kazi nzuri na maisha mazuri mbele yake.

Mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilitoa barua ya msafiri Henry Stanley. Katika barua hiyo alisema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda angependa kupata walimu, na ya kuwa wanaotakiwa hasa ni watu wawezao kufundisha kazi za mikono pamoja na dini. Mackay akaomba kwenda. Hakuwa padre wala hakupata kuwa padre maisha yake yote. Alikwenda kama fundi.

Aprili 1876 alipanda meli. Kundi lao lote lilikuwa la watu wanane. Yeye alikuwa mdogo kuliko wote, umri wake miaka 26. Siku ya kuagana aliwaonya wakubwa wa chama chao kwamba huenda kabla ya miezi sita kupita wakasikia habari ya kifo cha mmoja wao, na kwamba wasivunjike moyo, bali watume mwingine. Maneno hayo yalitimia upesi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mmoja alifariki Unguja. Kabla ya mwaka wa 1877 kwisha, wengine watatu walikuwa wamekufa: daktari wao kwa maradhi, na wawili waliouawa katika ugomvi kisiwani Ukerewe.

Safari ya miaka miwili

Siku hizi mtu aweza kutoka pwani akafika Kampala kwa ndege kwa muda wa saa chache. Mackay alifika Unguja Mei 1876, lakini hakuingia katika mji wa Kabaka mpaka Novemba 1878. Njiani aliugua homa kali, akarudishwa pwani. Alipopata nafuu alipewa kazi ya kukata njia kutoka Saadani hata Mpwapwa, mwendo wa maili zipatazo 230, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapate kupita. Wakati ule kila kitu kilichokwenda bara kilichukuliwa na wapagazi vichwani na mabegani: nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, vyakula, vitabu na vyuma vya mitambo. Nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Mgeni aliyeishiwa nguo alikuwa maskini kama mtu aliyeishiwa na fedha mjini.

Alipofika kusini ya ziwa, mahali paitwapo Kagehi, alikuta mali ya chama chao imerundikana ovyo, baadhi imeharibika kwa mvua na wadudu. Akaketi akachambua kipande kwa kipande, akaunga vilivyoweza kuungwa. Walikuwa na mashua iitwayo Daisy. Ilipovunjwa na mawimbi ziwani, Mackay alikata sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba pande mbili zilizobaki, kisha akaziunganisha. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea, nao wakavuka.

Kusoma lugha

Kazi ya kwanza ya kila mmisionari ilikuwa kurudi kuwa mwanafunzi. Hapa Mackay alipata msaada wa Kiswahili. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Buganda tangu zamani za Kabaka Suna, baba yake Mutesa. Wao ndio waliotangulia kuleta Uislamu na elimu ya kusoma na kuandika, kwa herufi za Kiarabu. Mutesa mwenyewe alikifahamu Kiswahili, na wakubwa wengi wa baraza walikijua kidogo.

Basi Mackay alianza kwa Kiswahili. Huko Unguja, Askofu Edward Steere alikuwa ametunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, kilichotolewa mwaka wa 1870, na alikuwa akiendelea kutafsiri Maandiko. Mackay alisoma sehemu za Injili kwa Kiswahili mbele ya Kabaka siku za Jumapili, na maneno yakafasiriwa kwa Kiganda. Hivyo lugha yetu ilikuwa daraja kabla hajajua kuogelea mwenyewe.

Lakini daraja si nyumba. Watu wa kawaida walisema Kiganda, na mtu asiyejua Kiganda hakuweza kusikia wanayoyasema wao kwa wao. Kwa hiyo alijifunza kila siku kwa wale wale aliowafundisha. Vijana walipokuja kuuliza jina la herufi, naye aliwauliza jina la kitu. Mwalimu mzuri wa lugha kwake alikuwa mtoto mdogo, kwa maana mtoto hachoki kusema neno moja mara kumi, wala haoni haya kumcheka mtu mzima akikosea.

Karakana

Nyumba ya misheni ilikuwa Natete, karibu na mji wa Kabaka. Karibu na nyumba Mackay alijenga karakana. Alikuwa na tanuri ya mhunzi, mivukuto, kerezo ya kukerezea mbao na chuma, jiwe la kunolea, misumeno na randa. Yatupasa kukumbuka kwamba Waganda walikuwa na wahunzi hodari wao wenyewe, na mafundi wa nguo za magome na wa nyumba, ambao kazi yao iliwastaajabisha wageni. Jambo geni kwao lilikuwa gurudumu na mitambo iliyozungushwa nalo. Watu walikuja kuangalia, wakakaa kutwa nzima.

Kazi zake za siku zilikuwa za namna nyingi. Leo kutengeneza bunduki ya mkubwa fulani, kesho bawaba ya mlango, keshokutwa kumtazama mgonjwa na kumpa dawa. Alichimba kisima, akatia bomba la kuvuta maji. Watu walipoona maji yanapanda juu kutoka chini ya ardhi walistaajabu, wakasema kwamba Mackay ni lubaale, yaani mzimu mkubwa. Yeye akawaambia kuwa yeye ni mtu tu kama wao, na ya kuwa kila mmoja wao aweza kujifunza kufanya vile. Jibu hilo lafaa kuangaliwa. Mtu mwenye tamaa ya sifa angenyamaza.

Mwaka wa 1882 alifariki Namasole, mama yake Kabaka, jina lake Muganzirwazza. Mutesa alitaka mama yake azikwe kwa heshima isiyopata kuonekana, akamwomba Mackay atengeneze jeneza. Yakatengenezwa matatu, moja ndani ya jingine: la mbao, la shaba, na la nje la mbao, kubwa mno. Mackay na wafanyakazi walishughulika karibu mwezi mzima. Mtu aweza kuuliza, Je, kazi hiyo yahusu nini na Injili? Mackay aliona kwamba yahusu. Mtu aliyekuja kuwa mgeni wa watu hawezi kukataa kuwasaidia siku ya msiba wao, kisha akataka wamsikilize siku ya pili.

Darasa

Katikati ya misumari na vumbi la mbao lilikuwako darasa. Vijana wengi waliokuja walikuwa watumishi wa jumba la Kabaka, yaani wana wa wakubwa waliopelekwa huko kujifunza adabu na utawala. Umri wao ulikuwa kama wa wanafunzi wa shule yetu, na wengine wadogo zaidi.

Shida ilikuwa vitabu. Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, lakini herufi hazikutosha. Basi alichonga herufi kubwa za mti kwa mkono, moja moja, akapiga chapa karatasi za kusomea kwa Kiganda. Fikiri kidogo kazi hiyo. Kila herufi lazima ichongwe kinyumenyume, ili ikigandamizwa katika karatasi isomeke sawasawa. Karatasi moja ya kujifunzia ilikuwa jasho la siku nyingi. Wanafunzi wanaochora katika vitabu vya shule wangefaa kukumbuka jambo hilo.

Elimu ile ilienea upesi kuliko walivyotazamia walimu. Aliyejua silabi alimfundisha mwenzake, naye akamfundisha mwingine. Kijana mmoja jina lake Sembera, aliyekuwa mtumwa, alimwandikia Mackay barua mwaka wa 1881 kuomba ubatizo. Hakuwa na kalamu wala wino wa dukani. Kalamu yake ilikuwa kipande cha nyasi ngumu kilichochongwa ncha, na wino wake masizi yaliyochanganywa na maji ya mgomba. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano walibatizwa, naye alikuwa mmoja wao. Watu wa namna hiyo waliitwa kwa Kiganda "abasomi", yaani wasomaji. Katika Buganda kusoma na kushika dini mpya likawa neno moja.

Barazani

Mmisionari hakuweza kukaa karakanani tu. Mara kwa mara ilimpasa kwenda barazani, kungoja saa nyingi, kusalimu kwa desturi, na kujibu maswali. Mutesa alikuwa mtu mwenye akili nyingi, tena alipenda mabishano. Mbele yake walikutana Waganda wenye dini ya asili, Waislamu, Waprotestanti, na Wakatoliki wa shirika la White Fathers waliofika mwaka wa 1879, miongoni mwao Padre Siméon Lourdel. Kabaka aliwasikiliza wote, akawapima. Hakuwa mtoto wa kuchezewa na wageni. Alijua kwamba Misri yanyemelea kutoka kaskazini na wengine kutoka pwani, na kila mgeni alimfikiria kwa manufaa na kwa hatari.

Mackay alisema waziwazi barazani kwamba biashara ya watumwa ni mbaya. Alieleza jinsi mwili wa mwanadamu ulivyoumbwa kwa ajabu, hata hakuna fundi duniani awezaye kuunda mmoja, kisha akauliza itakuwaje mtu auzwe kwa kipande cha nguo. Maneno hayo yalimpatia maadui.

Lakini tusifiche upande wa pili. Mackay naye alikuwa mwana wa wakati wake. Alibishana kwa ukali na Waislamu na Wakatoliki pia, na mabishano hayo yaliacha mbegu za ugomvi uliozaa vita miongoni mwa Waganda baada ya mwaka wa 1888. Tena aliandika barua kwao kuwataka Waingereza waingilie mambo ya nchi ile. Mwaka wa 1894 Uganda ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa hiyo wakubwa wa Buganda waliosema kuwa nyuma ya mwalimu huja serikali hawakukosea.

Siku za hofu

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akatawala mwanawe Mwanga, aliyekuwa bado kijana. Wakati ule ule Wajerumani walikuwa wakianza kutwaa nchi upande wa pwani. Mfalme kijana akaona hatari pande zote, na ndani ya jumba lake mwenyewe akakuta vijana waliokuwa na bwana mwingine wa kumtii.

Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Kakumba, Lugalama na Serwanga, waliuawa kwa moto karibu na Natete. Kakumba na Lugalama walikuwa bado wadogo sana. Mackay na mwenzake Robert Ashe walijaribu kuwaombea wasiuawe, wakafukuzwa. Mwezi wa Oktoba Askofu James Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akija kwa njia ya mashariki. Tarehe 3 Juni 1886 wengine wengi walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Hesabu inayotajwa ya waliouawa katika miaka ile ni 45. Wala wao hawakuwa wa kwanza kufa huko kwa ajili ya dini. Katika miaka ya 1870 Waganda Waislamu waliuawa Namugongo kwa amri ya Mutesa, kwa sababu walishika sheria ya dini yao kuliko amri ya Kabaka.

Basi siku za mmisionari zilikuwaje katika wakati huo? Ashe aliondoka Agosti 1886, Mackay akabaki peke yake katika misheni. Mchana alitumikia jumba kwa ufundi wake, na yamkini ufundi huo ndio uliomlinda, kwa sababu Mwanga alimhitaji. Usiku wasomaji walikuja kwa siri kujifunza. Saa nyingine alizitumia pamoja na Waganda waliosaidia kutafsiri na kupiga chapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Alijua kwamba kila karatasi aliyoipiga chapa yaweza kumponza atakayekutwa nayo. Nao walijua, na bado walikuja kuziomba. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Mgeni alikuwa na nchi ya kurudia. Wanafunzi wake hawakuwa na pengine.

Usambiro

Julai 1887 Mackay aliondolewa Buganda, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Huko akaanza tena: nyumba, karakana, mtambo wa chapa, tafsiri. Stanley alipopita hapo mwaka wa 1889 alikuta kila kitu kipo mahali pake. Mackay alikuwa hajarudi kwao hata mara moja tangu mwaka wa 1876, wala hakuwa na mke wala mtoto.

Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa malaria, umri wake miaka 40. Wakati ule hakuna mtu aliyejua kwamba homa hiyo huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka wa 1897. Mei mwaka ule ule wa 1890 alikufa Padre Lourdel pia, mtu ambaye Mackay alibishana naye miaka mingi. Baadaye mifupa ya Mackay ilihamishwa ikazikwa Namirembe, Kampala.

Twajifunza nini?

Mwaka wa 1888 wamisionari wote walifukuzwa Buganda, na wasomaji Wakristo wakakimbilia Ankole. Hawakuwa na Mzungu wa kuwafundisha. Walakini walipata kusoma, wakafundishana, na idadi yao haikupungua. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka wa 1896, na Waganda walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Jambo hili laonyesha kwamba kazi ya Mackay iliyodumu kuliko zote ni ile aliyowapa wengine mikononi mwao. Kisima kile, mashua ile, majeneza yale, vyote vimepita. Mtu aliyejua herufi aliweza kuwafundisha wengine hata mwalimu alipokuwa mbali.

Wanafunzi wengi wanaosoma gazeti hili watakwenda siku moja kufanya kazi mbali na kwao, wakiwa waalimu, waganga, mafundi au askari, na wengine watumishi wa dini zao. Yafaa wakumbuke mambo matatu. Ukifika ugenini, jifunze lugha ya wenye nchi, tena jifunze kwa wadogo bila haya. Usione aibu kushika nyundo. Na utakalojua, mfundishe mwenzako mpaka aweze kulifanya bila wewe. Wazee wetu walisema, mgeni siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu mpe jembe. Mackay alijipa jembe mwenyewe, na ndiyo maana Waganda walimpa jina la heshima.